Tanki la choo linajaa taratibu? Pima maji kabla ya kununua valvu

Umeflashi choo, umenawa mikono, umerudi sebuleni, na dakika kumi baadaye bado unasikia maji yakichuruzika ndani ya tanki. Anayeingia baada yako anabonyeza, maji hayatoshi, anasubiri, anabonyeza tena. Mwisho inawekwa ndoo pembeni ya choo na nyumba nzima inazoea. Hakuna haja ya kuzoea. Tanki la lita 6 linatakiwa kujaa ndani ya dakika mbili hadi tatu hata kwenye nyumba inayotegemea simtanki. Tanki la zamani la lita 9 lisizidi dakika nne hivi. Likipita dakika tano, kuna mahali maji yanabanwa, na mahali hapo unaweza kupajua kwa jagi na saa ya simu.

Kosa linalowala watu fedha ni kukimbilia dukani. Mtu ananunua valvu mpya ya boya (ile inayoingiza maji ndani ya tanki na kuyafunga likijaa), fundi anaifunga, na tanki linaendelea kujaa kama jana au hata polepole zaidi. Mara nyingi valvu ya zamani haikuwa mbovu. Ama chujio lake lilikuwa limeziba mchanga, ama maji yalikuwa hafifu tangu ukutani, ama valvu yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya maji ya bomba yenye msukumo mkubwa huku nyumba inatumia simtanki lililo juu ya mnara wa mita tatu. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, nasi tutakaa nalo kwa muda.

Vifaa vya kuwa navyo ni spana ya kurekebishika, plaizi yenye mdomo mwembamba, bisibisi, ndoo, tambara, mswaki wa zamani, siki nyeupe nusu lita, na jagi la lita 1. Kama huna jagi, kata shingo ya chupa ya maji ya lita 1.5, mimina humo chupa mbili za nusu lita, kisha chora mstari maji yalipofika. Nunua pia washa (pete za kuzuia maji kwenye viungo) mbili za mpira za nusu inchi. Ni za bei ndogo, na ile ya zamani ikishafunguliwa mara nyingi hairudi kukaa vizuri.

Kwanza: je, maji yanaingia polepole au yanatoka?

Tanki linalovuja chini hujaa polepole hata kama valvu ni nzima, kwa sababu sehemu ya maji yanayoingia inaishia kwenye sinki la choo. Subiri tanki lijae, funga engo valvu (ile koki ndogo ya ukutani inayolisha tanki), fungua kifuniko na uweke alama ya penseli kwenye usawa wa maji. Rudi baada ya nusu saa. Maji yakishuka zaidi ya sentimita moja, tanki linavuja. Ukitaka kuona kwa macho, tia rangi ya chakula au kahawa iliyokolea ndani ya tanki na usiflashi. Rangi ikitokea kwenye sinki, mpira wa chini haukai sawasawa.

Kwenye matanki ya kitufe, nguzo ya katikati ya kuflashia hutoka kwa kuizungusha robo mzunguko na kuinyanyua. Chini yake kuna pete ya mpira. Ioshe kwa maji, pitisha kidole pande zote, na usafishe pia ukingo wa plastiki inapokalia. Chembe moja ya mchanga hapo inatosha kuvujisha. Mpira uliokakamaa au uliopinda unabadilishwa. Vidonge vya rangi ya bluu vyenye klorini vinavyotumbukizwa ndani ya tanki ndivyo vinavyokausha mipira hiyo kabla ya wakati, na vinafanya hivyohivyo kwa mipira ya valvu. Heri dawa ya choo uimwage kwenye sinki.

Kama tanki halivuji, endelea.

Kipimo cha jagi

Hiki ndicho kipimo kitakachokwambia utafute wapi.

Funga engo valvu. Flashi choo ili tanki libaki tupu. Weka ndoo chini, kisha fungua nati ya fleksibo (ule mpira unaotoka engo valvu kwenda kwenye tanki) pale inapoingia kwenye tanki. Shika shingo ya valvu ndani ya tanki kwa mkono mwingine isizunguke pamoja na nati. Sasa inyanyue ncha ya fleksibo hadi usawa wa ile valvu ya ndani, si chini sakafuni. Watu hupima huku ncha iko chini, wanapata maji mengi, wanadanganyika. Kwenye nyumba ya simtanki kila nusu mita ina uzito. Elekeza ncha ndani ya jagi, fungua engo valvu yote, hesabu sekunde hadi lita moja.

Ikijaa ndani ya sekunde 15 au chini ya hapo, maji yanafika vizuri na tatizo liko ndani ya tanki: chujio, tundu la valvu, au boya. Ikichukua zaidi ya sekunde 30, maji yameshachoka kabla hayajafika, na hata valvu ya dhahabu haitasaidia. Kati ya hapo, tegemea kukuta tatizo pande zote mbili.

Rudia mara moja zaidi, safari hii fleksibo ikiwa imetolewa kabisa na maji yakipokelewa moja kwa moja kutoka engo valvu. Hapo huwezi kulinganisha sekunde kwa sekunde kwa kuwa koki iko chini zaidi, lakini ikiwa maji yanaruka kwa nguvu wakati kwenye fleksibo yalikuwa yanadondoka, mhalifu umempata.

Engo valvu na fleksibo

Engo valvu hufungwa nusu kwa sababu nyingi: fundi alipunguza ili tanki lisipige kelele, mtoto aliizungusha, au mtu aliyedeki aliigonga. Ifungue yote kabla ya jambo lingine lolote. Zile zenye washa ya ndani zinaweza kuzunguka mkono ukadhani imefunguka huku washa imeng'oka na kukaa mdomoni mwa tundu. Zile za robo mzunguko zenye visahani vya kauri ndani hukwama kwa chumvi. Baadhi zina kichujio kidogo cha waya upande wa kutokea maji, na ukiangalia kwa tochi utakiona kimejaa punje nyeusi au za kahawia. Kisukume kwa ncha ya bisibisi nyembamba, kioshe, kirudishe.

Unapozungusha chochote kwenye engo valvu ya plastiki, ishikilie mwili wake kwa mkono wa pili. Shingo ya plastiki iliyokaa miaka mingi hukatikia ndani ya ukuta, na kazi ya dakika ishirini inageuka kazi ya nyundo na tindo. Ndiyo maana kabla hujaanza ni lazima ujue geti valvu (koki kuu) ya nyumba nzima iko wapi, na uhakikishe inafunga kweli.

Fleksibo, hata ile iliyosukwa waya wa chuma kwa nje, ndani ni mpira mwembamba ambao nafasi ya kupitia maji ni ndogo sana kuliko nati zake za nusu inchi zinavyoonyesha. Ikikunjwa kwa nguvu nyuma ya choo inajibana. Ikizeeka, mpira wa ndani huvimba au hujikunja. Kagua pia washa kwenye nati: ikikazwa kupita kiasi, mpira huminywa kuelekea katikati na kuziba tundu karibu lote. Ipulizie kwa mdomo. Ukisikia upinzani, ibadilishe. Nunua yenye urefu unaotosha kulala kwa upinde mpana, sentimita 40 kwa vyoo vingi, na usifunge tepu nyeupe kwenye nati za fleksibo. Pale kinachozuia maji ni washa. Tepu hufanya nati ionekane imekaza kumbe washa haijakaa. Tepu ni ya uzi (meno ya skrubu) wa engo valvu unaoingia ukutani: izungushe mara 8 hadi 10 kwa mwelekeo wa saa, ncha ya uzi ikikutazama.

Chujio lililofichwa

Sehemu hii inaponya matanki mengi kuliko nyingine zote, na inachukua dakika tano.

Ukishatoa fleksibo, tazama ndani ya shingo ya valvu yenye uzi, kwa chini au ubavuni kutegemea tanki lako. Valvu nyingi za plastiki zina chujio dogo refu lililotumbukizwa humo, kama kofia yenye matundu. Lishike kwa plaizi nyembamba na ulivute moja kwa moja bila kulizungusha. Maji yaliyobaki kwenye valvu yatadondoka, kwa hiyo ndoo iwe hapo.

Utakachokikuta kinakwambia maji yako yanatoka wapi. Punje za kahawia zinazovunjika kwa kidole ni kutu ya mabomba ya chuma. Tope laini ni simtanki ambalo halijaoshwa. Vipande vya plastiki ya kijani au nyeupe, vilivyojikunja kama maganda ya penseli, ni mabaki ya fundi aliyekata mabomba bila kuyasafisha, jambo la kawaida kwenye nyumba mpya. Ukoko mweupe mgumu ni chumvi na chokaa ya maji ya kisima, na watu wa pwani wanaujua sana.

Mchanga na tope huondoka kwa mswaki na maji. Ukoko unataka siki: loweka chujio saa moja, likiwa gumu sana liache usiku kucha, kisha sugua. Usitumie asidi ya kusafishia vigae, inakula mipira na shaba.

Ndani ya shingo hiyohiyo, juu au chini ya chujio, unaweza kukuta kipete cha plastiki chenye tundu dogo katikati. Hicho si uchafu. Ni kipunguza mwendo, kimewekwa na kiwanda kwa ajili ya nyumba zenye maji ya bomba yenye nguvu. Kama choo kinalishwa na simtanki, kitoe na ukihifadhi. Kama kinalishwa moja kwa moja na bomba la mtaani, kiache, la sivyo tanki litavuma na mabomba yatagonga kila linapofunga.

Chujio lenyewe lirudishwe. Wapo wanaolitupa ili maji yaende kasi, na kwa wiki mbili yanaenda kasi kweli. Kisha mchanga unafika kwenye mpira wa valvu, valvu haifungi tena, na maji yanamwagika usiku na mchana kupitia bomba la kufurika (lile la wima ndani ya tanki linalopeleka maji ya ziada kwenye sinki). Kama maji yako ni machafu kiasi kwamba chujio linaziba kila mwezi, weka chujio kubwa linalooshwa pale bomba linapotoka kwenye simtanki.

Tundu la valvu na urefu wa mnara

Hapa ndipo penye hesabu ambayo wauzaji wengi hawakuulizi.

Msukumo wa maji ya simtanki ni tofauti ya urefu kati ya usawa wa maji ndani yake na valvu ya choo, hakuna kingine. Simtanki la lita 1,000 likikaa juu ya mnara wa mita 3, na valvu ya choo cha kukaa ikiwa sentimita 70 kutoka sakafuni, kimo cha maji ni kama mita 2.3 tanki linapokaribia kwisha na kama mita 3.3 linapokuwa limejaa. Bomba la mtaani maji yakiwa mazuri linaweza kuwa na kimo cha mita 20 au 30. Ni tofauti ya mara kumi, na valvu moja haiwezi kuhudumia hali zote mbili.

Valvu za shaba zenye mkono na boya la duara hutengenezwa kwa matundu ya saizi mbalimbali. Ya msukumo mkubwa ina tundu la milimita 3 hivi na hugongwa herufi HP. Ya msukumo mdogo ina tundu la milimita 6 hivi na hugongwa LP. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, eneo la tundu linaongezeka mara nne, na kwa msukumo uleule maji yanayopita ni mara nne. Tundu la milimita 3 kwenye kimo cha mita 3 hupitisha lita 2 hadi 2.5 tu kwa dakika, hata likiwa safi kabisa. Tanki la lita 9 hapo linataka dakika nne au zaidi, na chembe moja ya mchanga inaifanya nane.

Hali ni mbaya zaidi kwa vyoo vya kuchuchumaa ambavyo tanki limepandishwa ukutani. Valvu ikiwa mita 2 kutoka sakafuni, mnara wa mita 3 unakuachia kimo cha mita moja simtanki linapokaribia kwisha. Tundu la milimita 3 litatoa kama lita 1.3 kwa dakika. Kulalamikia fundi hapo ni kumwonea. Kinachotakiwa ni valvu ya LP, au tanki kushushwa, au mnara kuongezwa.

Kwa nini basi zisiuzwe za tundu kubwa tu? Kwa sababu boya linapaswa kuyazuia maji yanayosukuma kupitia tundu hilo. Kwenye kimo cha mita 30, maji yanasukuma mpira wa tundu la milimita 3 kwa nguvu kama ya robo kilo, na la milimita 6 kwa nguvu ya karibu kilo nzima. Boya dogo linashindwa, tanki halifungi, maji yanafurika. Kwa hiyo kabla ya kununua, jibu swali moja: choo hiki kinakunywa kutoka wapi? Na kama nyumba ina vyanzo viwili vinavyobadilishwa kwa koki, bomba la mtaani na simtanki, ni afadhali vyoo vyote vilishwe na simtanki wakati wote, kisha ufunge LP.

Usipanue tundu kwa msumari wala kwa drili. Ukingo wa tundu ndio mpira unapokalia, na ukichanika hakuna mpira utakaoziba.

Kuifungua valvu yenyewe

Valvu ya shaba yenye mkono: funga maji, nyoosha miguu ya pini kwa plaizi, ivute, na mkono pamoja na boya vitatoka. Fungua kifuniko cha mwisho kama kipo. Ingiza bisibisi kwenye ufa uliokuwa umeshika mkono na usukume pistoni itoke. Pistoni iliyojaa ukoko hukwama nusu njia, haisogei kulifungua tundu lote, na ndiyo maana maji yanapita membamba. Isugue kwa msasa laini mpaka iteleze yenyewe kwa kuinamisha. Mdomoni mwake kuna washa. Ikiwa imechimbika kwa duara la tundu, ibadilishe au igeuze upande wa pili kama dharura. Ukifungua nati kubwa inayounganisha mwili na mkia, utakuta kipande cha nailoni chenye lile tundu. Hicho huuzwa chenyewe, kwa hiyo unaweza kuigeuza HP kuwa LP bila kununua valvu nzima. Usipake grisi ya gari kwenye mipira, inaivimbisha.

Valvu ya plastiki ya kusimama wima ina kiwambo cha mpira chini ya kofia yake. Nyanyua boya, bonyeza kofia, izungushe kinyume na saa kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko, itafunguka. Kabla ya kutoa uchafu kwa vidole, funika mdomo wa valvu kwa kikombe kilichopinduliwa, kishike imara, fungua engo valvu sekunde tano hadi kumi. Maji yatasukuma mchanga utoke, na kikombe kitakuokoa usilowe. Funga, kisha osha kiwambo.

Kwenye baadhi ya viwambo kuna kitundu chembamba kama cha sindano. Kisafishe kwa uzi wa mswaki, si kwa sindano inayokipanua. Kitundu hicho ndicho kinachopitisha maji ya kukifunga kiwambo, kwa hiyo kikiziba valvu hukataa kufunga. Kiwambo kilichokakamaa hufanya kinyume chake: hakinyanyuki vya kutosha na maji yanapita kwa shida. Kiminye kwa vidole. Kama hakilegei kama mpira wa baiskeli, kimekwisha.

Valvu hizo pia zina mrija mwembamba unaopeleka maji kidogo kwenye bomba la kufurika ili kujaza sinki. Ukiona mrija huo unamwaga kwa wingi huku tanki lenyewe linapata machache, ubane kidogo kwa kibanio chake. Ncha yake ikae juu ya usawa wa maji, isizamishwe ndani ya bomba la kufurika, kwa sababu ikizama inaweza kunyonya maji ya tanki na kuyamwaga polepole.

Boya

Flashi choo huku kifuniko kiko wazi na utazame. Boya linatakiwa lishuke mpaka chini kwa uhuru. Likigusa ukuta wa tanki, nguzo ya kuflashia au mrija, linabaki limening'inia na valvu inafunguka nusu. Pinda mkono au geuza valvu kidogo. Kipimo cha haraka ni kulisukuma boya chini kwa mkono wakati maji yanaingia: maji yakiongezeka kasi, boya ndilo linalobana. Yakibaki vilevile, rudi kwenye tundu na chujio.

Jambo moja la kuvumilia: valvu ya mkono hupunguza maji kadiri boya linavyopanda, kwa hiyo sentimita mbili za mwisho huchukua muda kuliko zote zilizotangulia. Usihesabu huo kuwa ugonjwa. Usawa wa mwisho uwe sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la kufurika. Ukipandisha zaidi unaongeza muda bila faida.

Ukilazimika kubadilisha valvu

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Angalia mambo matatu: inaingilia ubavuni au chini ya tanki, uzi ni wa nusu inchi, na urefu wake unaingia chini ya kifuniko. Kwa simtanki sema waziwazi unataka ya msukumo mdogo, na tazama tundu kwa macho yako.

Kausha tanki kwa tambara. Washa nene ya mpira inakaa ndani ya tanki, nati nje. Kaza nati ya plastiki kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Tanki la kauri likikazwa zaidi hupasuka kimyakimya, na ufa unaonekana siku ya pili. Kabla ya kuunganisha fleksibo, elekeza ncha yake kwenye ndoo na uache maji yaende nusu dakika. Uchafu uliotikiswa na kazi yako usiwe wa kwanza kuingia kwenye valvu mpya. Unganisha, fungua polepole, pangusa viungo kwa karatasi kavu na urudi kuvitazama baada ya saa moja.

Kama maji ni hafifu tangu ukutani

Fungua bomba lingine la nyumba lililo karibu na choo. Kama nalo linatoa kidogo, panda kwenye simtanki. Geti valvu ya kutokea ndiyo ya kushukiwa kwanza: mpini unazunguka, lakini bati la ndani limekatika na kubaki chini. Iliyo nzima unaihisi mkononi inapoanza na inapoishia. Iliyokatika inazunguka tu bila mwisho. Ibadilishe kwa koki ya mpini mmoja wa robo mzunguko.

Tope chini ya simtanki likifika mdomo wa bomba la kutokea, linaingia kidogokidogo kila siku. Lioshe. Na kama simtanki liliwahi kukauka, hewa huenda imejikusanya kwenye bomba linalopanda na kushuka. Dalili yake ni maji kutoka kwa kukohoa, kisha membamba. Jaza simtanki, fungua mabomba yote ya chini kwa wakati mmoja, na uyaache mpaka yatoe bila kukatika. Fundi aliyepandisha bomba juu ya mlango na kulishusha tena amekuachia tatizo litakalojirudia hadi bomba linyooshwe.

Mabomba ya chuma ya zamani huota kutu kwa ndani mpaka bomba la nusu inchi linabaki na nafasi ya kalamu. Hayo hayasafishiki, yanabadilishwa. Unapobadilisha, shuka kutoka simtanki kwa bomba la inchi moja, au robo tatu kwa uchache, na nusu inchi ianzie pale tu maji yanapoingia kwenye kila kifaa. Bomba moja la nusu inchi likilisha nyumba nzima, choo kitasimama kila mtu anapooga.

Pampu ndogo ya kuongeza msukumo iwe ya mwisho kufikiriwa. Nyingi huwaka zenyewe zinapohisi maji yanatembea, na mwendo ukiwa mdogo mno kwa sababu ya chujio lililoziba, haziwaki kabisa. Ukiifunga, kumbuka pia kwamba zile valvu za LP ulizoweka zinaweza kushindwa kufunga, utalazimika kurudi HP.

Mwisho ni siku ya maji kurudi baada ya mgao. Maji ya kwanza hubeba kutu na tope lililong'oka kwenye mabomba yaliyokuwa matupu, na kama choo kinakunywa moja kwa moja kutoka mtaani, uchafu huo wote unaelekea kwenye chujio lake. Funga engo valvu maji yakikatika. Yakirudi, fungua kwanza bomba la nje lililo karibu na mita, yaache mpaka yawe meupe, ndipo ufungulie choo.